KUVUTA TELA KWA PIKAPU: DEREVA APIME KABLA HAJAVUTA

Haya ni maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa madereva na mataniboi wa tawi letu la Dagoretti. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu zao hazikuwapa nafasi ya kuhudhuria.



Kamati imetutuma tuseme juu ya kazi ambayo zamani ilikuwa ya watu wachache, na sasa imekuwa ya wengi wetu. Ni kazi ya kuvuta tela kwa pikapu. Kila juma magari hutoka Dagoretti Corner, Karen na Ngong Road yakivuta tela za namna nyingi. Wako wavutao karavani, yaani nyumba ya magurudumu ya kulala watalii. Wako wavutao tela la mahema na vyombo vya jikoni kwenda Narok au Naivasha. Wako wavutao tela la farasi kwenda uwanja wa mashindano wa Ngong Road, tangi la maji, au jenereta ya arusi. Mizigo ni mbalimbali, lakini kanuni ya kuvuta ni moja.

Kwa nini chama kijishughulishe na jambo hili? Twawaeleza. Mwanachama mmoja wetu aliamriwa avute tela la kambi kushuka bonde la ufa. Tela lilikuwa limekwisha pakiwa kabla hajafika kazini. Katika mteremko lilianza kutikisa mkia, likaivuta pikapu kando ya njia, likapinduka. Twashukuru hakufa mtu. Lakini tajiri wake aliandika neno moja tu katika barua: uzembe. Akataka gharama zote zikatwe katika mshahara. Mjumbe wetu alipokwenda kumtetea, aliuliza swali moja: tela hilo lilikuwa na kilo ngapi? Tajiri hakujua. Karani aliyeandika orodha ya mizigo hakujua. Na mwanachama wetu naye hakujua. Basi kesi ikawa ya neno la tajiri dhidi ya neno la dereva, na ninyi mwajua neno la nani huwa zito zaidi ofisini.

Ndugu, hilo ndilo tulilokuja kusema leo. Dereva asiyejua uzito wa mzigo wake hana breki barabarani, wala hana jibu mbele ya tajiri. Dereva mwenye hesabu ya kilo mkononi anayo yote mawili.

KWANZA: HESABU TANO ZA KUJUA

Kila pikapu ina kitabu chake, na nyingi zina kibati kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Kila tela lililotoka kiwandani lina kibati chake pia. Humo mna hesabu ambazo hapana budi dereva azijue.

Hesabu ya kwanza ni uzito wa pikapu ikiwa tupu. Ya pili ni uzito wa mwisho ulioruhusiwa wa pikapu, pamoja na watu, mafuta, mizigo na kila kitu kilichofungwa juu yake. Ya tatu ni uzito wa mwisho wa pikapu na tela kwa pamoja. Ya nne ni uzito wa mwisho wa tela lenyewe. Ya tano ni uzito wa shingo, yaani ule uzito ambao shingo ya tela huukandamiza juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu.

Matajiri wengi huijua hesabu moja tu, ile iliyoandikwa katika tangazo la kuuza gari. Pikapu nyingi za kadiri hii, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, huandikiwa kuvuta kilo 2,500 hata 3,500 kwa kufuata mwaka na injini. Lakini someni vizuri. Hesabu hiyo ni ya tela lenye breki zake lenyewe. Kwa tela lisilo na breki, vitabu vingi vya pikapu hizo huandika kilo 750 tu. Tela lililochomelewa kando ya njia bila breki, likapakiwa tani moja na nusu, limezidi mara mbili, hata kama pikapu ni mpya kabisa.

Tena, hesabu ile kubwa ya tangazo haisemi habari za mizigo iliyo juu ya pikapu. Tutazame mfano, na mfano huu ni wa kufundishia tu; hesabu za gari lako utazisoma katika kibati chako.

Tuseme pikapu tupu ina kilo 2,000, na uzito wake wa mwisho ni kilo 3,000. Kwa hiyo imebaki nafasi ya kilo 1,000. Gari na tela kwa pamoja haziruhusiwi kupita kilo 5,500. Tela lina kilo 2,000 likiwa limepakiwa, na uzito wa shingo ni kilo 200. Ndani ya pikapu wameketi dereva, taniboi na wapishi wawili. Kwa kilo 75 kila mtu hao ni kilo 300. Nyuma limewekwa pipa la dizeli la lita 200, ambalo pamoja na chuma chake ni kadiri ya kilo 190. Mahema na masanduku ni kilo 250. Sasa jumlisheni: 300 na 190 na 250, na shingo 200. Ni kilo 940. Pikapu imefika kilo 2,940, na nafasi iliyobaki ni kilo 60.

Hapo tajiri atoka nje na kusema, "Ongeza pipa la pili, gari hili lavuta tani tatu." Kweli lavuta. Lakini pipa la pili lafikisha pikapu kilo 3,130, nayo imezidi kilo 130, ingawa tela liko chini sana ya hesabu ya tangazo. Kilichofurika ni pikapu. Tairi zake za nyuma zimelemewa, ekseli ya nyuma imelemewa, na magurudumu ya mbele yaliyo na kazi ya kugeuza gari yameinuliwa yawe mepesi. Dereva aliyeandika hesabu hii katika karatasi aweza kumwonyesha tajiri na kumpa njia nyingine: pipa liende kwenye tela, juu ya ekseli, ikiwa kibati cha tela chaonyesha kwamba nafasi ipo, au libaki lifuate kwa gari jingine.

Na tuseme neno juu ya springi. Mafundi wetu wanajua kuongeza majani ya springi, na kazi yao ni nzuri. Lakini springi zilizoongezwa huzuia mkia wa gari usikae chini tu. Haziongezi nguvu ya breki, wala ya ekseli, wala ya tairi, wala ya chasisi. Gari lililoinuliwa kwa springi laweza kuonekana jepesi huku limezidi uzito. Macho hayapimi, mizani ndiyo ipimayo.

PILI: NAMNA YA KUPIMA

Wengine watasema, "Sisi twapata wapi mizani?" Ipo. Viwanda vinavyonunua nafaka na wauzaji wa vyuma chakavu hutumia mizani ya kupimia gari zima. Kabla ya safari kubwa ya kwanza na tela msilolijua, mwombeni tajiri alipie mpimo mmoja, na mpime mara tatu. Mara ya kwanza pandisheni pikapu na tela pamoja. Mara ya pili tela likiwa bado limefungwa, wekeni magurudumu ya pikapu peke yake juu ya mizani. Mara ya tatu fungueni tela, mkapime pikapu bila tela. Ukitoa hesabu ya tatu katika hesabu ya pili, umepata uzito wa shingo. Ukitoa hesabu ya tatu katika ya kwanza, umepata uzito wa tela lote. Haya ni mambo ya robo saa.

Uzito wa shingo waweza kupimwa hata bila kwenda huko. Mizani ya sahani inayotumiwa na wauza viazi wa magunia yatosha. Simamisheni tela mahali pa sawa, zuieni magurudumu kwa mawe, kisha ulazeni mguu wa shingo juu ya mizani kwa urefu uleule ambao itakuwa ikifungwa kwenye gari.

Ikiwa mnayo mizani ndogo tu ya kupimia mtu, tafuteni ubao imara. Upande mmoja wa ubao ukae juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, na ubao uwe sawasawa. Shingo ikae juu ya ubao mahali palipo theluthi moja ya urefu kutoka tofali. Ondoeni kwanza hesabu ya ubao mtupu, kisha hesabu iliyobaki izidisheni mara tatu. Mizani ikisema kilo 50, shingo ina kilo 150.

Shingo ifae kiasi gani? Kwa tela za kawaida tulizo nazo, shika sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela. Tela la kilo 1,500, shingo kilo 150. Lakini ikiwa kitabu cha gari au cha tela kimetoa hesabu yake, fuata kitabu, wala usipite kadiri iliyoandikwa kwenye chuma cha kuvutia.

TATU: NAMNA YA KUPAKIA

Tela hutikisa mkia kwa sababu mzigo uko nyuma mno. Shingo ikiwa nyepesi, tela huwa kama fimbo iliyoshikwa kwa vidole viwili. Upepo kidogo au lori lipitalo huanza kuliyumbisha, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia. Kwa hiyo vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli au mbele yake kidogo. Vitu vyepesi, kama magodoro na viti vya turubai, viende nyuma na juu. Usifunge jenereta kwenye mkia wa karavani kwa sababu pana nafasi. Mahali penye nafasi na mahali panapofaa ni vitu viwili mbali.

Maji tuyaangalie kwa makini. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni kilo 200. Likiwa nusu, maji hukimbia huku na huko kila ukipinda na kila ukifunga breki. Kama safari ni ndefu, liwe limejaa, na uzito wake umehesabiwa. Au liwe tupu, mkajaze mwisho wa njia. Kila kitu kifungwe kwa kamba. Mtungi wa gesi ufungwe umesimama, na vali yake iwe imefungwa.

Mzigo ukipakiwa upya njiani, hesabu ya asubuhi imekufa. Taniboi asikubali kupanga upya tela bila dereva kutazama.

NNE: KABLA YA KUTOKA YADI

Hapa twawaomba dereva na taniboi wafanye kazi pamoja, mmoja asome, mwingine aguse kwa mkono.

Tufe la chuma na kikombe cha tela viwe vya kipimo kimoja. Tela nyingi huwa za tufe la milimita 50, lakini yako na matufe madogo zaidi, ya chini ya milimita 48. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa kidole, nayo yatosha kikombe kuruka kwenye shimo la kwanza la barabara. Kipimo mara nyingi kimechongwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Kisomeni. Ukisha kufunga, zungusha gurudumu dogo la mbele kana kwamba wainua shingo. Nyuma ya pikapu ikiinuka pamoja nayo, kikombe kimeshika.

Minyororo ya usalama iwe miwili, ikatane chini ya shingo kama herufi X, ili shingo ikianguka ilale juu ya minyororo isichimbe lami. Iwe mirefu ya kutosha gari lipinde, wala isiburure. Kama tela lina waya wa kuvuta breki likikatika, waya huo ufungwe kwenye pikapu, usifungwe kwenye tufe.

Taa: breki, kulia, kushoto, na taa za usiku. Taniboi asimame nyuma aziite moja moja.

Tairi: pimeni upepo zikiwa baridi, za pikapu na za tela, na za tela la akiba. Someni tarehe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho huonyesha juma na mwaka. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tela huweza kukaa mwaka mzima uani likipigwa na jua, tairi ikaonekana mpya kwa meno yake huku ubavu umepasuka pasuka. Na tairi ya mitumba iliyofungwa kwenye tela huficha umri wake mpaka siku ya joto.

Beringi za magurudumu ya tela zitiwe grisi kwa wakati wake. Baada ya kilomita 50 za kwanza simameni, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa uangalifu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi yalia au breki imeshika. Kazeni nati tena. Vioo vionyeshe ubavu wote wa tela. Karavani pana yahitaji vioo virefu vya kuongezwa.

Mwisho, karatasi. Tela katika Kenya husajiliwa kwa nambari yake, ianziayo na herufi Z. Lazima nambari hiyo iwepo, na bima iwe inataja tela. Leseni yako iwe ya daraja la gari unaloendesha. Askari akisimamisha gari humwuliza yule ashikaye usukani. Tajiri hayupo barabarani.

TANO: NJIANI

Tela hubadili mambo mawili makubwa: kusimama na kugeuka. Nguvu iliyomo katika gari linalokwenda hukua upesi kuliko mwendo. Gari la kilomita 80 kwa saa lina nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kilomita 50, na yote lazima imezwe na breki. Ndani ya mji sheria yasema kilomita 50. Nje ya mji, shauri letu ni kwamba mwenye tela asipite 80 hata barabara ikiwa nzuri na tambarare. Acheni nafasi mara mbili ya ile mliyozoea mbele yenu. Matatu ikiingia katika nafasi hiyo, acheni tena nyingine. Hakuna aibu.

Katika kona za Dagoretti na Kawangware, kumbukeni kwamba tela hukata kona kwa ndani. Gurudumu lake hupita karibu na ukingo, na ukingoni ndipo wanaposimama wauza mboga na watoto wa shule. Ingieni kona kwa upana na polepole, taniboi akitazama upande wa ndani.

Tela likianza kutikisa mkia, sikilizeni sana hapa. Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani imara, umenyooka. Usipige breki ya ghafula ya pikapu, wala usijaribu kulifukuza tela kwa kuzungusha usukani huku na huko. Wala usiongeze mwendo kwa kudhani utalinyosha. Kama tela lina breki ya umeme yenye kishiko cha mkono ndani ya gari, bonyeza hiyo peke yake, polepole. Mwendo ukishuka, tela hutulia. Kisha simama mahali pa salama, ukatazame mzigo. Tela lililotikisa mara moja litatikisa tena, kwa sababu kosa bado liko ndani yake.

Sasa miteremko. Sisi wa Dagoretti tumekaa juu, na karibu kila safari yetu ya mbali ina mahali pa kushuka. Tukienda magharibi kwa Southern Bypass mpaka Gitaru, kisha Rironi, tutashuka kwenda Mai Mahiu kwa barabara waliyoijenga mateka wa Kiitalia wakati wa vita kuu ya pili. Kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali pale chini ya mlima. Tukienda kusini kwa Ngong na Kiserian, tutapita Corner Baridi kuelekea Magadi, iliyo kadiri ya mita 600 tu juu ya bahari, hali Nairobi iko karibu mita 1,700.

Gari na tela la kilo 5,000 likishuka mita 400 kwenda chini, nguvu ya ule uzito lazima igeuke kuwa joto mahali fulani. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, yaani madebe mawili na nusu. Ukilitia lote katika breki, breki zitaungua, kanyagio litakwenda chini, na hutakuwa na kitu. Kwa hiyo ingia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, wala si katikati. Acha injini ishike. Tumia breki kwa kukanyaga kwa nguvu muda mfupi, kisha uachilie zipoe. Usiweke mguu juu yake njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mapema, wala usizimwagie maji. Malori yanakushuka nyuma yakipiga honi? Yapishe penye nafasi. Honi haijapata kumwokoa mtu.

Kupanda nako kuna mambo yake. Injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Gari linalovuta vizuri Mombasa litachoka kilima cha Limuru. Tazama kipimo cha joto la injini, na upande kwa gia ya chini bila kulilazimisha.

Kurudi nyuma, fanya hivi: weka mkono chini ya usukani, saa sita ya chini. Ukitaka mkia wa tela uende kushoto, peleka mkono kushoto. Kulia, peleka kulia. Nenda polepole kama mtu anayetembea, na taniboi asimame mahali unapomwona katika kioo. Usipomwona, simama. Kabla ya kufungua tela, zuia magurudumu yake kwanza, ndipo ufungue shingo.

SITA: HAKI YA DEREVA

Ndugu, haya yote ni kazi yetu. Lakini hatutakubali kazi yetu igeuzwe kuwa mzigo wa makosa ya wengine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake mara aonapo hatari kubwa iliyo karibu. Yasema pia kwamba mwenye mahali pa kazi asimlazimishe kurudi katika hatari hiyo mpaka iwe imeondolewa, na kwamba mfanya kazi aliyejiondoa kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asionewe kwa ajili hiyo.

Sheria ya Kazi ya mwaka huohuo wa 2007 yasema mengine mawili. Kifungu cha 19 chamruhusu tajiri akate kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameharibu kwa kosa la makusudi. Tela lililopinduka kwa kupakiwa vibaya na watu wengine si kosa la makusudi la dereva. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa mwenendo mbaya, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Usitie sahihi barua yoyote peke yako. Tuite.

Lakini sheria hizo zataka ushahidi. Kusema "tela lilikuwa zito" hakutoshi. Kusema "pikapu yaruhusiwa kilo 3,000, nasi tulipima 3,130, nikamwarifu msimamizi asubuhi saa moja, hii hapa nakala" kwatosha. Ndiyo sababu tumeanza na mizani, tukamaliza na sheria. Na hatuwafundishi ukaidi. Dereva aendaye ofisini kwa adabu, na karatasi mkononi, na njia nyingine ya kubeba mzigo, mara nyingi husikilizwa; kwa maana tajiri naye hapendi kupoteza gari.

Kwa hiyo kamati yaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, kila dereva avutaye tela awe na daftari dogo garini, aandike hesabu tano za gari lake na za kila tela analolivuta, na tarehe ya kupima.

Pili, mafundi wetu wa kuchomelea, kila mtengenezapo tela, mpigeni kibati chake: uzito wake tupu, uzito wa mwisho ambao ekseli na tairi zake zaweza kubeba, na kipimo cha tufe. Tela lisilo na kibati ni mzigo usio na jina, na dereva wenzenu ndiye atakayeubeba.

Tatu, tawi litenge fedha kidogo linunue mizani ya sahani, ikae ofisini, na mwanachama yeyote aweze kuja kupima shingo ya tela lake bila malipo kabla ya safari.

Wanaokubali watainua mikono Mwenyekiti atakapoita.